Kuona Tu

"Mnapanda kutafuta nini?" mama aliuliza,
vidole ndani ya mrenda.
"Kuni zipo. Mbuzi hawajapotea."
Imbusi akafunga kamba za raba zake:
"Kuona, kukhu. Kuona tu."
Mama akacheka mpaka majani yakamdondoka.

Miaka hamsini na minne nimelala chini ya Lirhanda,
kila asubuhi umenipa kisogo,
na sijawahi kuupanda bila kamba ya kuni begani
au bila kuitwa nirudi.
Leo mikono mitupu. Sijui niiweke wapi.

Tuliacha murram saa moja na nusu,
majani ya chai pembeni mwa msitu bado yamelowa,
udongo mwekundu unatukamata miguu
kama mdai mlangoni.
Mukabane, kijana wa kutuongoza,
aliita miti kwa majina yake ya kitabuni.
Mimi niliijua kwa tabia:
huu una moshi mwingi, huu haupasuki,
huu bibi aliuchemsha tulipoumwa tumbo.
Akatoa daftari, akaandika.

Goti langu la kushoto lina maoni yake.
Kila kona lilitaka kikao.
Nikalidanganya: pale kwenye jiwe,
basi pale kwenye jiwe lingine,
nilivyowadanganya watoto sufuria ikiwa na maji matupu.
Hondohondo akapita juu yetu,
mabawa yakivuma, mtu anakung'uta shuka.

Kabla ya kilele kuna mdomo wa shimo.
Wazungu walitafuta dhahabu humo, zamani za babu,
wakaondoka, popo wakahamia.
Mukabane akamulika ukuta.
Alama za sululu: moja, moja, moja,
halafu zinaanza kwenda upande.
Mimi ni fundi cherehani.
Najua mkono uliochoka unavyopinda mstari.
Babu Shimenga alibeba mawe hapa.
Alirudi na kikohozi.
Nikatia kidole katika alama moja, baridi, mbichi,
nikakitoa upesi.
Harufu ya popo ilitufuata mpaka juani.

Halafu juu.

Sikuwa nimejiandaa.
Msitu mzima chini yetu, nywele za mtoto kabla ya kitana,
mashariki ukuta wa Nandi, buluu juu ya buluu,
na mbali, mbali mno,
kitu ambacho Mukabane alisema ni Elgon
na Imbusi akasema ni wingu.
Wakabishana. Mimi nilikuwa natafuta bati langu.

Nililijua kwa kutu yake.
Mabati kumi na manane, mawili bado deni,
yote pamoja kifungo cha shati.
Kando yake kifungo cha binamu yangu Lijodi,
ambaye hatujasalimiana tangu mvua za mwaka juzi
kwa sababu ya mstari wa mkonge, hatua tatu.
Nikautafuta mkonge. Nikakodoa mpaka machozi.
Shamba lake na langu lilikuwa kitambaa kimoja,
hakuna mshono.

Nikangoja moyo ulainike,
maana nasikia vileleni hulainika.
Haukulainika. Nikala kiazi changu.
Hatua tatu ni hatua tatu.
Mungu na aangalie kutoka huko,
mimi hulima nikiwa chini.

Saa nane mvua ikaja bila hodi.
Tulishuka, mahali pengine kwa makalio,
Imbusi akipiga mayowe ya kicheko,
na mimi, mama wa watu, fundi wa sare za kwaya,
nikiteleza na sketi yangu nzuri
mpaka kwenye matope ya mwisho.

Jioni mama akauliza, "Haya, mmeona nini?"
Imbusi akampa simu, picha arobaini.
Mimi nilikuwa nakanda goti kwa maji ya moto.
"Bati la Lijodi limeng'oka," nikasema, "kona ya nyuma.
Upepo ukija, linamemeta.
Akiwa uani hawezi kuliona."
Mama akaacha kukoroga.
"Utamwambia?"
Nikamwaga maji, nikaongeza mengine.
"Goti likipoa."