Kimo cha Kifuniko

Lifti ya jengo letu hapa Brno ina upana wa sentimita themanini na tatu.
Hiyo ndiyo iliyoamua ukubwa wa dunia.
Si Mungu, si pesa: lifti,
na mgongo wangu, ambao nao una sheria zake.

Basi sanduku, urefu sabini, upana arobaini.
Kifuniko kikishuka kinaacha sentimita kumi na nne za mbingu.
Humo nikalaza reli, nyembamba kama mistari ya daftari,
kisha nikaanza kuumba milima.

Miaka thelathini na mmoja nilitengeneza meno ya watu.
Najua jasi inavyopata joto kiganjani kabla ya kuganda,
kama kifaranga,
na najua dakika ya kuiachilia.
Nikafinyanga magazeti, nikayavika bendeji mbichi,
na kwa kisu kilekile kilichochonga magego ya akina Hrdlička
nikachonga jabali juu ya stesheni ya Vrbčina,
aliyoitunza baba,
ambayo treni sasa huipita bila hata kupiga honi.

Udongo ni machicha ya kahawa yaliyokaushwa dirishani.
Nyasi ni unga wa mbao kutoka kwa jirani yangu Bohdan,
nimeuchekecha kwa chujio la chai, nikautia rangi mara tatu:
kijani cha kwanza kilikuwa uongo,
cha pili kilifaa meza ya biliadi,
cha tatu kilinifanya ninyamaze.

Kokoto za reli ni mchanga wa tramu.
Dada yangu Zdislava, dereva wa laini ya nane,
aliniletea nusu kikombe katika mfuko wa koti la kazi.
"Ukikamatwa," akasema, "hunijui."
Nikaupanga kwa brashi, nikadondosha gundi kwa bomba la sindano,
ndani yake tone la sabuni ya vyombo,
gundi isije ikasimama juu ya mchanga
kama mgeni asiyekaribishwa.

Miti ndiyo iliyonishinda.
Misonobari ya utotoni ilikuwa mirefu, ililipora jua saa tisa,
baba akawasha taa ya ofisi mchana kweupe.
Nilisokota waya wa shaba, nikaipandisha mpaka macho yaliporidhika,
nikafunga kifuniko,
nikaisikia ikivunjika shingo.
Kumi na nne ni kumi na nne.
Nikaipunguza misonobari. Haikutosha. Nikaukata mlima,
nikauinua upande wa pili kuficha aibu,
nikamimina mto wa vanishi, tabaka sita,
kila tabaka na siku yake, nikifukuza nzi.

Maonyesho yalikuwa ukumbi wa mazoezi wa shule, chini ya goli la kikapu.
Wanaume wenye vizibao vya mifuko mingi waliinama,
wakasifu kutu ya mabehewa.
Msichana mmoja hakusifu kitu.
Meno mawili ya mbele hana (jicho halijastaafu).
Akaegemeza kidevu ukingoni mwa sanduku, akakaa hapo.
"Bibi," akasema, "mto wako unapanda."

Nikachuchumaa.
Kweli. Kutoka darajani maji yalikwea mlima milimita tano,
yametulia, yanameta, hayana habari.
Na sisi sote, watu wazima, tulikuwa tunatazama treni.

Nikamuuliza nifanye nini.
Akafikiri, ulimi penye pengo.
"Weka mtu anayeshangaa."

Kwenye kikopo cha dawa nilikuwa na watu sita, kimo cha ukucha.
Watano nimewahi kuwapanga na kuwapangua.
Wa sita ana kofia nyekundu ya mkuu wa stesheni,
naye sikuwahi kumpatia pa kusimama.
Nikamtoa. Nikambandika kando ya maji,
mikono nyuma, uso mtoni.
Msichana akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kula soseji.

Jioni, ndani ya tramu, sanduku mapajani.
Penye kona dereva akakanyaga breki kwa pupa,
na chini ya kifuniko kitu kikaanguka, chepesi, mara moja.
Nikatega sikio.
Mti.
Si yeye.