Msumeno wa Gongoni

Niliukuta umelala ubavu nyuma ya stoo,
kiwanda cha chumvi, Gongoni, wiki wanayofunga hesabu:
msumeno wa mkanda, wa kukatia chuma,
umefunikwa gunia, na gunia limeshikana na kutu
hata sikujua ninafunua nguo au ninachuna ngozi.

Thoya wa stoo akasema, "Arobaini na tano. Unafanya kazi."
Nikasema, "Uwashe."
Akasema, "Stima ilikatwa Machi."
Nikalishika gurudumu la juu, nikalisukuma.
Likazunguka robo, likaguna, likasimama
kama mtu aliyeamshwa ili adaiwe.
Tukashukia thelathini na nane. Elfu nne nikazibakiza,
nikamwambia nitaleta ukinguruma.

Bega langu la kulia lina miaka kumi na tisa ya msumeno wa mkono:
mageti ya Maweni, grili za Shella,
vitanda vya bweni ambavyo shule haijamaliza kulipa.
Mimi nilikuwa nikisita. Bega ndilo lililotoa pesa.

Kanta ilipoutua mlangoni pa karakana
majirani walikuja kwa sauti ya matanga.
"Nyevu, umenunua nanga?"
Nikawapa viti.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya dizeli.
Jioni tuliinywesha kila boliti, asubuhi tukaibembeleza kwa spana;
nyingine zilikubali, nyingine zilikatika shingo.
Mwaringa, mwanafunzi wangu, alitenga nati katika makopo ya maziwa,
akaandika kwa chaki: za mguu, za mkono, za sijui.
Lililojaa ni la za sijui.

Sanduku la gia: mafuta yamekuwa uji mweusi,
na ndani ya uji chembe za shaba zinameta.
Gia ilikuwa ikiliwa miaka yote hiyo
na kila aliyekuwa zamu alidhani kelele ni za mwenzake.
Baringi nne; mbili nilizipata mjini, mbili zilikuja kwa basi la Mombasa
zimefungwa katika kanga kama dhahabu ya harusi.
Mota ilitaka fezi tatu. Maweni tuna moja, nayo ina hasira.
Nikaweka ya pampu, kutoka kisima kilichogeuka chumvi.
Chumvi imenidai, chumvi imenilipa.

Kisha msasa. Chini ya kijivu, kijani.
Chini ya kijani, chuma kitupu, na maneno yamechorwa kwa msumari:
KENGA USIGUSE.
Sijui kama Kenga ndiye aliyekatazwa
au ndiye aliyekuwa akijikataza.
Nilipaka rangi pande zote, hapo nikaparuka.

Siku ya siku. Utepe mpya, bomba la inchi mbili ndani ya jiliwa.
Nikaushusha. Ukalia. Ukatoa moshi.
Dakika sita, na bomba lina mkwaruzo tu, kazi ya paka.
Nikakaza springi. Nikabadilisha puli. Nikamtaja Thoya na ukoo wake.
Husemwa msumeno hukata mbele na nyuma;
wangu haukati kokote.

Mwaringa akachuchumaa, mhogo shavuni,
akapitisha ukucha kwenye utepe, taratibu.
"Mama, meno yametazama nyuma."

Miaka kumi na tisa.
Nimeuvalisha utepe ndani nje, kama shati la mtoto wa chekechea.
Hatukucheka mara moja. Tuliuvua kwanza,
tukaupindua, ukaturuka mikononi kama mkunga, tukaurudisha.
Ndipo Mwaringa akacheka mpaka mhogo ukampalia.

Safari hii ulishuka wenyewe.
Sikuugusa. Nilisimama mikono imekosa kazi,
bega likingoja zamu yake, lisiitwe.
Kipande kikaanguka sakafuni, ting, mdomo wake moto na laini.

Thoya alikuja Ijumaa. Akasikiliza, kichwa upande.
"Ndiyo yenyewe," akasema, "hata ile kwikwi."
Ile kwikwi bado sijaipata inatoka wapi.
Akasoma jina la Kenga, asiseme kitu,
akahesabu elfu zake nne, mara mbili, akapanda boda.