Ziwa la Lita Mia Mbili

Ndiyo, Khavere, najua ziwa liko pale.
Ukisimama kwenye ngazi, ukatazama juu ya mabati ya Nyalenda,
unaliona limejifunika magugu kama mtu mwenye homa.
Najua pia kwamba nalipia chumba kimoja
na robo yake nimewapa samaki.
Cheka. Ukimaliza, nishikie huu mpira.

Pipa nililipata Kibuye, shilingi mia tisa.
Lilikuwa la sharubati; nililisuuza
mpaka nyuki wa mtaa wakakata tamaa.
Beseni la juu ni lile la nguo, lililopasuka sikio.
Kokoto niliokota kwa mafundi wanaojenga kule nyuma,
nikaziosha maji matatu,
nikazidondoshea siki, moja moja, nikitega sikio:
zilizolalamika nilizirudisha barabarani.
Pampu ndiyo iliyonila. Elfu moja na mia mbili,
pesa ya sare ya Odera,
na goti lake, nje ya suruali ya mwaka jana,
linanitazama kila asubuhi.

Nilikuwa na pupa.
Nilifungulia mfereji, pipa likajaa,
nikamimina vifaranga kumi na wawili wa ngege
jioni ileile, kama mtu anayehamia usiku kukwepa kodi.
Siku ya nne wakapanda juu kuvuta hewa,
midomo mviringo, wote pamoja,
kwaya isiyo na sauti.
Siku ya sita sikuwa na wa kuhesabu.
Hawakufa kwa njaa.
Waliuawa na choo chao wenyewe,
na dawa ya mfereji, na mimi.

Nafula anayeuza vifaranga kule Kibos hakunipa pole.
Alikunja mikono iliyolowa, akaniuliza:
“Nani alikuwa amefika kabla yao?”
Nikasema, hakuna.
“Basi uliwapeleka wageni kwenye nyumba isiyo na mwenyeji.”

Mwezi mzima nikafuga maji matupu.
Niliyalisha kibano cha unga wa omena, uoze,
ili wale wasioonekana waje, wakae kwenye kokoto,
wageuze sumu iwe chakula cha mizizi.
Mlisema Apondi anaumwa, anakesha akisikiliza beseni.
Tokeni zikaisha kwa ajili ya viumbe
ambao sikuweza hata kuwaonyesha mtu.
Halafu asubuhi moja harufu ikaacha kuchoma pua.
Ikawa ya udongo
ulioguswa na tone la kwanza.

Nikaleta wanane. Nikapandikiza miche sita ya sukuma.
Mama alipoiona mizizi inaning'inia majini
alisema mmea usio na udongo ni kama mtu asiye na kwao.
Sikubishana naye. Nami nililala nikiwaza hivyo.
Ilirefuka shingo ikifuata dirisha,
miembamba, ya kimanjano,
mpaka nikaivuta meza, nikalala miguu mlangoni.

Jumanne ile stima ikapotea saa mbili usiku.
Pampu ikanyamaza, na kimya kile
kilikuwa kikubwa kuliko chumba.
Odera alishika tochi, mimi jagi:
chota, inua, mwaga,
maji yaanguke kutoka juu, yabebe hewa.
Saa sita mkono ukakataa.
Ndipo ukaingia, Khavere, na leso yako ya kulalia
na sufuria ya chai, tupu,
hukusema kitu, ukachota.

Stima ilirudi saa kumi na robo.
Wanane. Nilihesabu mara mbili, maana hawatulii.

Sasa Odera amewapa majina yote manane,
kwa hiyo siku ya kuwala sijui tutafanyaje.
Leo nimekata majani manne tu,
hayamtoshi hata mtoto.
Mawili ni yako. Usiyasifu.
Njoo na kitunguu.