Nyota Tatu

Gazeti la Jumapili limetoa nyota tatu.
Baba anauliza: tatu kati ya ngapi?
Tano, namwambia. Anashusha miwani hadi ncha ya pua.
Hesabu za Usangi hazijamtoka:
asilimia sitini. Amefaulu,
lakini si mtoto wa kuitwa mbele ya shule.

Filamu ya dada yangu Nakiete
imefika kwetu Milton Keynes, mji wa vipilefti,
mji uliojenga ng'ombe wa saruji ukawaacha malishoni.
Ukumbi mmoja umekubali kuionyesha,
saa nane mchana, siku za kazi.

Nasoma kwa sauti, natafsiri ninapoweza.
Mwandishi hakujua acheke au alie,
na hilo ameliona ni kosa.
Mama, huku akikata vitunguu:
"Huyo hajawahi kukaa matangani."

Wa gazeti la mkoa ameipenda mno,
kama mgeni anayesifia chai kabla hajaionja.
Anasema ina joto. Ina rangi.
Ina chungu cha maajabu jikoni.
Makande, bwana. Mahindi na maharage.
Kamsifu na mwigizaji wa Mama kwa lafudhi yake.
Mama anacheka mpaka anaweka kisu chini:
binti yule wa Birmingham aliita "mwanangu"
kama mtu anayesimamisha teksi.

Kunihusu mimi hakuna neno.
Nakiete alinigeuza paka. Bajeti, alisema.
Paka amesifiwa mara mbili.

Kisha nafika kwenye aya ile. Ningeiruka,
ila Baba amezoea kufuatisha mistari kwa kidole.
*Tukio la basi halishawishi.
Hakuna baba anayemkatia tiketi binti yake wa kumzaa
kana kwamba hawajuani.*

Vitunguu vinakaangika peke yao.

Basi namba nane. Nakiete ana miaka kumi na minne.
Usiku amemwomba, macho kwenye zulia:
mbele ya wenzangu, Baba, usinijue.
Naye, mtu wa kuamkia hata mbwa wa jirani,
asubuhi akatazama mbele, akasema,
Nauli, tafadhali.
Miaka miwili.
Mimi kiti cha nyuma, chini ya amri ileile,
nikitafuna mkate, nikimwona
anavyomhesabia chenji
senti moja moja,
polepole kuliko abiria wote,
mpaka foleni ikaguna mvuani.

Nikasema: Baba, tumshitaki huyu.
Sisi watu wa Upare tunajulikana,
tunauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku.
Shahidi ni mimi. Kofia ya kazi ipo kabatini.

Hakucheka.
Alilikunja gazeti, akalikunja tena,
likaenea mfuko wa shati.
"Mwache," akasema. "Wakiamini, watatuona sisi.
Kwa sasa wanaona filamu."

Mama akageuza sufuria, akanigeukia:
baba yako ameshaiona mara tatu,
anadhani sijui anakokwenda na kadi yake ya wastaafu.

Baba akakohoa. Kesho saa nane anarudi, akakiri,
kuna kipande alisinzia.
Nikamwuliza, niende naye?
Akafikiri muda mrefu, kidole kwenye mfuko wa shati.

"Njoo," akasema. "Ila kaa safu nyingine."