Mia Tano

Jina lake tarakimu tu: Mia Tano,
kama deni lililoandikwa ukutani dukani.
Na hata hiyo mia haikutimia.
Injini ilipimwa ikawa mia nne sabini na tisa,
imepunjwa, mama alisema,
kama kilo ya muuza nyanya.

Lilizaliwa Turini, Julai ya hamsini na saba:
silinda mbili za kupozwa na upepo,
injini nyuma kama mtoto mgongoni,
paa la turubai,
na urefu usiofika mita tatu.

Baba alifika miaka miwili baadaye
kwa treni ya usiku kutoka Lukania,
sanduku limefungwa kamba,
jibini ya shangazi ikinuka behewa zima.
Kiwandani Mirafiori wakampa milango.
Milango ya kushoto, zamu ya asubuhi:
bawaba, parafujo, bawaba, parafujo.
Usiku mkono wake ulikaza parafujo hewani
na mama akausogeza pole
usimpige pua.

Siku nzima milango,
na jioni hana mlango.
Dirishani kwa bibi Ostorero palibandikwa karatasi,
mwandiko mzuri wa shule:
HATUPANGISHI WATU WA KUSINI.
Aliisoma polepole, herufi kwa herufi.
Akavua kofia. Akaivaa tena.

Mwaka wa sitini na moja akalinunua,
hati thelathini za deni, kila mwezi moja.
Rangi gani, Vitantonio? wakamwuliza.
Iliyopo, akasema.
Ikawepo rangi ya maziwa yaliyolala.

Jumapili ya kwanza tulivaa viatu vya kanisani
tukidhani tunakwenda milimani.
Akaliegesha mbele ya dirisha lile.
Akatoa kitambaa, akafuta taa,
akafuta taa ambayo ameshaifuta.
Hakusema neno.
Jumapili ya pili, vivyo hivyo.
Kiangazi chote, vivyo hivyo,
sisi watoto ndani tukiiva kama mikate.

Kisha siku moja karatasi haipo.
Aliyeibandua ni nani, jua au aibu,
hatukuambiwa.
Baba akatazama kioo kitupu,
akakunja kitambaa mara nne,
akatupeleka kula aiskrimu.
Hatukurudi tena mtaa ule.

Agosti kiwanda kilifungwa
na nusu ya Turini ikateremka kusini.
Sisi tulikuwa watano:
mama mbele, Egidio mapajani,
mimi na Carmela nyuma, debe la mafuta ya zeituni katikati
wakati wa kurudi;
juu ya keria godoro,
na baiskeli yenye gurudumu moja
ambayo hakuna aliyekubali kuiacha.

Kwenye milima gari lilikohoa.
Gia zake hazikuwa na adabu, zilisaga meno:
ukanyage klachi, uachie, ukanyage tena.
Nilipofika umri wa kujifunza, baba akaniambia:
"Libishie hodi mara mbili, Nunziata.
Mara moja hubisha mwenye haraka ya kuiba."

Sitini na tano wakahamisha bawaba.
Awali milango yetu ilifunguka kuupokea upepo,
kama shati lililokosa vifungo;
ya sasa ikaupa mgongo.
Baba alirudi kazini, akanawa, akakaa.
"Miaka sita," akasema,
"nimekuwa nikiwafungulia watu kinyumenyume."
Akacheka hadi akakohoa,
na mkono ukajifunza upya.

La mwisho lilitoka Sisilia, sabini na tano.
Magazeti yakaandika kama tangazo la msiba.
Baba akasoma ukurasa mzima,
akaukunja,
akausukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.
Meza ikatulia. Akaomba chumvi.

Lake liko gerejini kwangu, chini ya shuka.
Huwaka akipenda yeye, si mimi
(nimesema yeye; basi, na abaki yeye).
Kazini nakwenda na gari jipya, zito,
lenye gia zilizolelewa vizuri.
Halidai kubishiwa hodi.
Lakini kila nikianza kupanda kilima
mguu wangu wa kushoto
unabisha,
unangoja,
unabisha tena.