Zamu ya Usiku, Chang'ombe

Baba alirudi alfajiri akinuka makaa ya mawe,
kwapani chupa moja imeviringishwa gazeti.
"Imepinda shingo. Haiuziki."
Akaiweka dirishani kwetu Keko, nyuma ya nondo.

Miaka ishirini na sita aliutazama moto
kama anayemvizia mdeni wake.

Moto nao ukamtazama.

Daktari wa Temeke akasema ni mtoto wa jicho.
Mama akacheka, kisha akaacha:
"Mimi nimekuzalia wasichana watupu,
huyu wa kiume umempata tanuruni."

Jana wamempachika kioo kidogo ndani ya jicho,
chembamba kuliko ganda la kitunguu.

Leo kaishusha ile chupa,
kaifuta vumbi kwa shuka,
kaigeuza. Kaigeuza tena.

"Zubeda," ananiita,
"mbona imenyooka?"