Kutu Haili Maiti

Ulilipindua jani kwa kidole gumba, Shangazi Nabukwasi,
unga wa rangi ya chungwa ukabaki ukuchani.
"Tazama," ukasema, "limejipaka poda kama bibi harusi."
Hukucheka.
Msimu ule miti mia mbili na kumi ilivuliwa nguo
huku juu Buginyanya, mvuke wa mlima ukipita katikati yake
kama mtoza kodi.

Sasa nimerudi na hadubini ya kuazima.
Nimeiweka juu ya gunia, karibu na sufuria ya malewa,
nikueleze nilichokiona,
maana uliuliza kwa nini mbuni ule mmoja,
ule wa kando ya choo, wenye shina lililopinda,
ulibaki na majani yake.

Usiku, mbegu ya kutu hutua kwenye tone la maji.
Haina mdomo. Ina uzi.
Uzi hupapasa, hupapasa, kipofu atafutaye kitasa,
hadi ukipate kitundu ambamo jani hupumulia.
Haubishi hodi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo;
mgeni huyu akija, mwenyeji ndiye kitoweo.

Lakini seli ina ulimi ukutani.
Uzi ukikwaruza, chembe za ganda lake hudondoka,
ganda la ukoo mmoja na lile la kumbikumbi
linalotukwama menoni,
na seli huonja, ikajua: huyu si wa kwetu.
Hupiga lipu upesi, sukari nzito, tabaka juu ya tabaka,
pale pale uzi unapochoma.
Humwaga ile dawa ya povu
aliyonimiminia gotini nesi wa Muyembe
nilipoanguka na debe la mbolea.
Mimi nililia.

Na lipu ikipasuka,
uzi ukishaingiza kidole chumbani, ukinyonya,
seli hufanya jambo nililolitazama mara tatu
na bado sijalipatia jina.

Hujiua.

Si kwa huzuni. Kwa hesabu.
Kutu haili maiti, Shangazi.
Fisi hula, funza hula, hata ukungu wa mkate hula;
huyu hutaka sahani iliyo hai.
Basi seli hujikausha ikiwa ingali changa,
jirani zake huziba vijilango vyao,
hupitishiana habari chungu, binamu ya aspirini,
na adui hubaki katikati ya chumba kitupu
kijiko mkononi.

Kinachoonekana nje ni nukta ya kahawia,
ndogo kuliko kichwa cha kiberiti.
Nukta hizo wewe uliziita ugonjwa.
Panga ulikuwa umeshalinoa.

Uliinama kwenye hadubini,
ukafumba jicho lile lile la kutazamia,
nikakugeuza kichwa taratibu kama mtoto anayenyolewa.
Ulikaa kimya mpaka malewa yakaanza kuungua.
"Na hiyo iliyokufa," ukauliza, "nani huizika?"

Hakuna. Jani huibeba hadi lenyewe lianguke.

Ukaipua sufuria.
Ukachana ukanda wa gomesi lako kuukuu, la zambarau,
ukashuka peke yako hadi kando ya choo
ukaufunga kwenye lile shina lililopinda,
mafundo mawili,
ili Wamono akija na shoka Jumatatu
aone kwamba huu una mwenyewe.